Karani wa Hospitali na Dhamana Yake



Katika majuma yaliyopita ukurasa huu ulieleza kazi ya fundi cherehani, ya mwalimu wa watoto wadogo na ya muuguzi. Juma hili twaingia tena hospitalini, lakini hatuendi kwa mganga wala kwa muuguzi. Twakwenda kwenye meza ile iliyo karibu na mlango wa idara, ambapo mtu mmoja aketi nyuma ya rundo la majalada, akiulizwa maswali mengi kuliko mtu mwingine yeyote katika jengo zima, na aghalabu haondoki mtu akamshukuru. Huyo ndiye karani wa idara. Wengine humwita mhazili.

Tumeichagua kazi hii kwa sababu ya barua ya mama mmoja akaaye katika nyumba za polisi pamoja na mumewe, ambaye ni sajini. Binti yao amemaliza mafunzo ya ukarani, naye ameitwa kufanya kazi katika idara ya upasuaji ya hospitali moja kubwa. Mama amefurahi. Baba hakuridhika. Asema hakulipa karo miaka yote ile ili mwanawe awe mtu wa kupanga makaratasi. Afadhali binti akae nyumbani angoje mpaka apate nafasi ya kusomea uuguzi. Mama ataka kujua kama kazi hii ina heshima na manufaa, au ni ya kupitisha wakati tu. Nafasi hiyo haitamngoja binti kwa muda mrefu, na nyumbani maneno yameanza kuwa makali.

Swali hili ni la haki. Hatutalijibu kwa sifa tupu, bali tutaieleza kazi yenyewe, kisha kila mzazi apime mwenyewe.

KAZI YA KUTWA

Karani wa idara ya upasuaji huanza kazi kabla ya waganga kufika. Lazima atazame daftari la miadi, ajue ni wagonjwa gani wameambiwa waje siku ile, na ayatoe majalada yao rafuni. Kisha hutazama kama majibu ya maabara na picha za eksirei yamekwisha kuingizwa ndani ya kila jalada. Jibu lisipokuwamo, humtuma mtu alifuate mapema, mgonjwa angali kwenye benchi. Kazi hii haionekani na mtu, lakini isipofanywa, mgonjwa aliyetoka mbali, aliyepanda basi alfajiri na kuacha watoto kwa jirani, huambiwa arudi juma lijalo kwa kuwa jibu halijafika. Nauli imekwenda bure, na uvimbe uliokuwa mdogo hukua juma moja zaidi.

Waganga wakisha kuanza kuona wagonjwa, karani huwa kama daraja baina ya vyumba. Hupokea barua za rufaa kutoka vituo vya afya, huzisoma apate kujua ni ipi ya haraka, humwonyesha mganga ile isiyoweza kungoja. Hupiga chapa orodha ya upasuaji wa kesho: jina la mgonjwa, nambari yake, umri, wodi, upasuaji atakaofanyiwa na upande wa mwili. Nakala huenda chumba cha upasuaji, nyingine wodini, nyingine kwa mtaalamu wa dawa za usingizi, na nyingine kwa wanaotayarisha damu. Watu wanne hawa hawakutani. Wakutana katika karatasi ile moja. Karatasi ikikosea, wote wanne wamekosea pamoja.

Alasiri huandika barua za wagonjwa walioruhusiwa kurudi nyumbani: walikuwa na ugonjwa gani, walifanyiwa nini, wanakunywa dawa gani, nyuzi zitolewe lini na wapi. Kisha kuna hesabu. Magonjwa yanayopaswa kuarifiwa huarifiwa kila juma, na taarifa ya mwezi ya hospitali hupelekwa wilayani mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Tangu mwaka 2012 wilaya za Uganda huziingiza hesabu hizo katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, na kwa hesabu hizo Wizara ya Afya huona mahali malaria inapopanda au dawa zinapopungua. Lakini kompyuta haikwenda wodini. Aliyekwenda kuhesabu ni mtu.

JINA HALITOSHI

Mwandishi wa ukurasa huu alisomea ualimu, na kila mwalimu wa Uganda ajua kwamba siku ya kwanza akiita jina moja darasani, huenda wakasimama watoto watatu. Desturi zetu za kuwapa watoto majina ni nzuri, lakini humpa karani kazi. Kwa Waganda, pacha wa kiume wa kwanza ni Wasswa na wa pili ni Kato. Wa kike ni Babirye na Nakato. Anayezaliwa baada yao ni Kizza. Kwa Waacholi, pacha ni Opio na Ocen, au Apio na Acen, na anayewafuata ni Okello au Akello. Basi katika kambi moja ya askari waweza kupata akina Okello wengi, kila mmoja mtu wa haki, kila mmoja na ugonjwa wake. Ongeza jina la ubatizo au la Kiislamu ambalo nalo ni la wengi, nawe utakuwa na watu wawili wenye majina sawasawa katika wodi moja.

Kwa sababu hiyo karani mwenye ujuzi haulizi jina peke yake. Huuliza jina, umri au tarehe ya kuzaliwa, kijiji au kambi, jina la jamaa wa karibu, na nambari ya jalada. Wenye kitambulisho cha taifa wana nambari ya herufi na tarakimu 14 ambayo hakuna wawili wanaoigawana. Mgonjwa huona maswali haya kuwa usumbufu, na huyasikia akiwa na maumivu. Lakini mtu mwenye kuulizwa maswali matano kwa dakika mbili ameepushwa na hatari ya kutiwa damu ya mtu mwingine.

Majalada yenyewe hupangwa kwa nambari, si kwa majina, nayo hospitali nyingi kubwa duniani hutumia ufundi wa kusoma nambari kutoka mwisho. Jalada lenye nambari 12-34-56 halitafutwi kwenye 12. Latafutwa kwanza kwenye rafu ya 56, kisha kwenye fungu la 34, kisha mahali pa 12. Sababu yake ni nyepesi. Nambari mpya hutolewa kwa kufuatana, na kama zingepangwa kwa mwanzo wake, majalada yote mapya yangerundikana rafu moja, makarani wote wakasukumana hapo. Kwa kupanga kwa mwisho, kazi yagawanyika katika rafu 100. Jalada likitolewa, kadi huwekwa mahali pake ikisema limekwenda wapi, kwa nani, na siku gani. Jalada lililorudishwa mahali pasipo pake ni sawa na lililopotea, kwa kuwa hakuna atakayelitafuta huko. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; na afya ya mtu ni mali iliyo kubwa kuliko mali zote.

HERUFI MOJA

Waganga wetu huandika Kiingereza kilichojaa maneno ya Kilatini na Kiyunani. Karani si mganga, wala hatakiwi awe mganga, lakini hana budi kuyajua maneno hayo kwa sura na kwa maana, kwa kuwa mengine yatofautiana kwa herufi moja au silabi moja. Neno la kutaja shinikizo la damu lililopanda na la kutaja lililoshuka yakaribia kufanana, na dawa ya moja yaweza kumwua mwenye lingine. Kadhalika neno la kutaja sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba latofautiana kwa herufi moja tu na neno la mfupa wa nyonga. Karani asiyejua hupiga chapa lile analolisikia. Karani ajuaye husimama, humwuliza mganga.

Tarakimu nazo zina mitego yake. Ukiandika kipimo cha dawa kuwa 5.0, nukta yaweza kufifia katika nakala, ikasomwa 50, na mgonjwa akapewa mara kumi. Kwa hiyo huandikwa 5 peke yake. Ukianza na nukta bila sifuri mbele yake, .5 husomwa 5. Kwa hiyo huandikwa 0.5. Miligramu moja ni sawa na mikrogramu 1,000, nayo maneno haya mawili yakifupishwa kwa mkono wa haraka hayatofautiani sana machoni. Tarehe 3/4 kwa mmoja ni ya mwezi wa Aprili, na kwa aliyefunzwa kwa desturi ya Marekani ni ya mwezi wa Machi. Kwa hiyo mwezi huandikwa kwa jina lake. Kulia na kushoto huandikwa kwa ukamilifu, wala hazifupishwi kamwe, maana mguu ukisha kukatwa haurudi.

Hapa ndipo ilipo sifa ya kwanza ya karani wa hospitali. Si wepesi wa vidole, ijapokuwa wepesi ni mzuri. Ni ujasiri wa kumwendea mganga mkuu aliyechoka na kumwambia kwa adabu, "Daktari, hapa umeandika kushoto, na barua ya rufaa yasema kulia. Naomba utazame." Mganga mwema atashukuru. Mganga mkali atanung'unika, lakini atatazama.

MAJALADA YALIYOSEMA

Mwenye kudhani kwamba majalada ni karatasi zilizokufa, na ayakumbuke mambo haya yaliyotokea katika nchi ya Uganda.

Mwaka 1897 Dkt. Albert Cook alianzisha hospitali ya misheni pale Mengo, Kampala. Habari za wagonjwa wake ziliandikwa na kutunzwa, zikajalidiwa. Miaka mingi baadaye, Dkt. J.N.P. Davies na wenzake walizisoma kumbukumbu hizo za Mengo za tangu mwaka 1897 hadi 1956, wakatoa taarifa yao mwaka 1964. Wapo waliokuwa wakidhani kwamba saratani kwa Waafrika ni jambo jipya, lililoletwa na maisha ya kisasa. Madaftari yale yalionyesha kwamba ugonjwa ulikuwako tangu siku za mwanzo. Waliouandika hawakujua ni nani atakayewasoma. Waliandika tu kwa uaminifu, na uaminifu wao ukatoa ushahidi baada ya wengi wao kufa.

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alianza kuufuatilia uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1958 aliandika habari zake, kisha akapeleka barua zenye picha za ugonjwa huo kwa hospitali nyingi za Afrika, za serikali na za misheni, akiuliza kama wameuona. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari majuma mengi kuelekea kusini, wakitembelea hospitali moja baada ya nyingine. Kwa njia hiyo ilichorwa ramani ya ugonjwa, na uchunguzi uliofuata ukawafikisha wataalamu Uingereza, mwaka 1964, kwenye kirusi kiitwacho Epstein-Barr. Mwulizaji alikuwa mmoja. Waliojibu walikuwa hospitali zilizokuwa zimehifadhi habari za wagonjwa wao.

La tatu li karibu zaidi nasi, na wengi wenu mliokuwa kazini kaskazini mwalikumbuka. Mwanzoni mwa Oktoba 2000, katika Hospitali ya St. Mary's Lacor karibu na Gulu, wanafunzi wa uuguzi walianza kufa kwa ugonjwa usiofahamika. Dkt. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa hospitali hiyo, alikuwa Kampala masomoni. Aliitwa akarudi upesi. Usiku ule alikesha pamoja na mtawa mmoja wakiyapitia majalada ya watu waliokufa siku za karibuni kwa namna isiyo ya kawaida. Walipata 17 waliofanana kwa dalili zao. Kwa ushahidi huo aliiarifu serikali, na maabara ikathibitisha kwamba ulikuwa Ebola. Mpaka ugonjwa ulipokwisha, waliohesabiwa kuugua walikuwa 425, na waliokufa 224. Dkt. Lukwiya mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000.

Tumheshimu marehemu kwa ushujaa wake. Lakini tulitazame jambo moja zaidi. Kama majalada yale yasingekuwa yameandikwa vema, au yangekuwa yametupwa ovyo ovyo sakafuni, kukesha usiku mmoja kusingetosha. Na katika ugonjwa kama huo, kila siku inayopita ina hesabu yake ya makaburi.

ASKARI NA KARATASI YAKE

Ninyi askari mna sababu zenu za kumjua karani huyu.

Polisi ajua kwamba mtu aliyepigwa au kujeruhiwa huja hospitalini na Fomu ya Polisi nambari 3. Mganga humpima, huandika alichokiona, hutia sahihi. Karani huhakikisha kwamba tarehe imewekwa, muhuri umepigwa, jina la mganga lasomeka, na nambari ya fomu imeandikwa katika daftari la hospitali. Kesi huenda ikasikilizwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Mganga amekwisha kuona maelfu ya wagonjwa; hakumbuki sura ya yule mama wala urefu wa jeraha lake. Atakachokisema mbele ya hakimu ni kile kilichoandikwa. Karatasi isiyo na tarehe ni zawadi kwa mtuhumiwa.

Mwanajeshi naye huhamishwa. Leo yuko Mbarara, mwakani yuko Moroto, na wapo waliotumwa Somalia tangu mwaka 2007. Jalada lake hubaki alikotibiwa. Vipande vya chuma vilivyosalia mwilini, dawa iliyomdhuru, damu aliyoongezwa, vyote vimeandikwa mahali ambapo yeye hayupo. Akiumia tena, mganga mpya huanza kwa kubahatisha. Barua ya kuruhusiwa iliyopigwa chapa vizuri na kutunzwa katika begi la askari ndiyo inayosafiri pamoja naye.

Kisha lipo jambo ambalo hatupendi kulitaja, lakini familia za askari zalijua. Mume akifariki hospitalini, mganga huandika hati ya sababu ya kifo, na kwa hati hiyo kifo huandikishwa kwenye mamlaka ya vitambulisho na uandikishaji wa watu. Mjane atakwenda nayo ofisi moja hadi nyingine kudai haki zake na za watoto. Jina lililoandikwa kwenye hati likiwa tofauti hata kwa herufi moja na lile lililo katika orodha ya jeshi, mama huyo ataanza safari za njoo kesho. Tumewaona wajane waliotembea miezi mingi kwa ajili ya herufi moja. Karani aliyeuliza kwa upole, "Mama, jina lake kazini liliandikwaje?" amewalisha yatima wale, ijapokuwa hawatamjua kamwe.

SIRI

Sasa twafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Karani wa hospitali huishi nasi. Huteka maji kwenye bomba lile lile, husali mahali pale pale, hununua nyanya katika soko lile lile. Naye ajua ni nani ana kifua kikuu, ni nani ameharibu mimba, ni nani anakunywa dawa za UKIMWI. Akifungua kinywa, nyumba zabomoka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Sheria nayo yasema. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya kuwa miongoni mwa habari zinazopewa ulinzi wa pekee. Lakini sheria i mbali na mlango. Aliye mlangoni ni karani.

Hatufichi ukweli kwamba wapo wanaomshawishi. Mume huja akitaka kuliona jalada la mkewe. Jirani huuliza kwa sauti ya huruma. Mkuu wa kikosi huja na nyota mabegani, akitaka kujua askari wake anaumwa nini. Afande mpendwa, tunakuomba ulielewe jambo hili. Wewe una haki ya kujua kama askari wako aweza kubeba silaha juma hili, au apewe kazi nyepesi, na kwa siku ngapi. Hayo huelezwa na mganga kwa barua yake. Jina la ugonjwa ni la mgonjwa. Karani akikuambia kwa heshima, "Afande, tafadhali mwone daktari," usimhesabu kuwa mkaidi. Mlinzi wa ghala la silaha asiyemfungulia mtu bila hati hatumwiti mkaidi. Twamwita askari mwema. Na askari ajuaye kwamba ugonjwa wake hautatangazwa kambini atakwenda hospitalini mapema. Asiyeamini atajificha, atakunywa dawa za vichochoroni, mpaka siku atakapoanguka akiwa lindoni.

Wapo pia makarani wanaoliharibu jina la kazi hii. Huficha jalada mpaka lipatikane kwa kitu kidogo, au huhamisha jina la mtu kutoka mwisho wa orodha hadi mwanzo kwa kuwa ametia noti mkononi. Tusiwatetee. Ajuaye habari za karani wa namna hiyo na akamwone mkuu wa hospitali, na atoe jina lake na siku lilipotokea jambo. Aliyesukumwa chini katika orodha huenda akawa ndiye aliyekuwa na saa chache za kuishi.

KWA BABA NA BINTI

Bwana Sajini, twakuelekea wewe sasa, kwa heshima. Kituoni kwako kuna daftari kubwa mezani, ambamo kila jambo huandikwa kwa saa na kwa nambari: aliyeletwa, aliyetolewa, kilichokamatwa, aliyepokea zamu. Wewe wajua zaidi yetu kwamba jambo lisiloandikwa humo, mahakamani ni kama halikutokea. Wajua pia kwamba askari akabidhiwaye daftari hilo si yule asiyefaa kwa kazi nyingine. Ni yule asiyelewa, asiyesema uongo, na ambaye mwandiko wake wasomeka. Basi binti yako ameitwa kulishika daftari la namna hiyo, ambamo badala ya ng'ombe walioibwa kuna pumzi za watu.

Hatusemi kwamba uuguzi si kazi bora. Kama moyo wa binti uko kwenye uuguzi, na aombe nafasi, naye atakuwa muuguzi mzuri zaidi kwa kuwa amekwisha kuijua hospitali kutoka ndani. Lakini na achague kwa kuupenda uuguzi, si kwa kuudharau ukarani. Wala kuketi nyumbani akingoja si shule.

Kwake binti tuna maneno machache. Jifunze maneno ya idara yako, kumi kila juma, uyaandike katika kijitabu na maana zake. Jifunze kompyuta, kwa maana hospitali nyingi zaziacha karatasi pole pole. Lakini ukumbuke kwamba kosa likiingizwa kwenye kompyuta huenda mbali zaidi na kwa haraka zaidi. Neno lako la siri la kompyuta usimpe hata rafiki yako. Usilete chai juu ya meza ya majalada. Jifunze kumsalimia mgonjwa kabla ya kumwuliza nambari, na ikiwezekana umsalimie kwa lugha ya kwao. Kiswahili kitafaa pale ambapo lugha ya kwao huijui. Usimwulize mtu ugonjwa wake kwa sauti mbele ya foleni. Na ukitoka jioni, yaache ya hospitali hospitalini.

NYUMBANI

Karani hawezi peke yake. Nyumba nazo zina wajibu, na haya yawezekana katika kila nyumba, iwe ya kota au ya udongo.

Kwanza, kila mtu wa nyumba awe na bahasha yake au daftari lake. Katika vituo vingi vya afya mganga huandika ndani ya daftari la shule ambalo mgonjwa amekuja nalo. Daftari hilo msiligeuze kuwa la hesabu za mtoto, wala msilichane mkawashia moto. Liwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, juu, mahali panya na mvua visipofika, pamoja na kadi za chanjo za watoto na barua za kuruhusiwa.

Pili, chagueni namna moja ya kuandika jina, ile iliyo katika kitambulisho, na mwitumie kila mahali. Msiwe Yusufu zahanati, Joseph hospitalini, na Okello kambini.

Tatu, nyuma ya daftari andikeni dawa zinazomdhuru mtu huyo, kama vile penisilini kwa wengine, na dawa anazokunywa kila siku. Mgonjwa aliyezimia hawezi kuulizwa.

Nne, mkihamishwa kituo, nendeni hospitalini kabla ya siku ya lori, mwombe barua ya kueleza matibabu. Mwenye dawa za kifua kikuu hasa asiondoke bila barua, kwa kuwa matibabu ya kawaida ya ugonjwa huo huchukua miezi sita, na anayekatisha katikati aweza kurudi akiwa na ugonjwa uliokwisha kuzoea dawa.

Tano, nambari ya simu ikibadilika, mwambieni karani. Majibu ya vipimo yamekaa mezani mara nyingi kwa sababu simu ya mgonjwa haikupatikana tena, na majibu mengine hayapendi kungoja.

Sita, mumwambie karani ahsante. Neno hilo halihitaji stempu wala muhuri.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya namna ya kuhifadhi maharagwe na mahindi ndani ya nyumba ndogo yasiharibiwe na wadudu. Mwenye njia yake aliyoirithi kwa bibi yake na atuandikie kabla ya siku ya Jumatano.